Uzito Chini, Tanga Juu: Kujenga Mashua ya Rimoti Nyumbani

Majahazi madogo ya mapambo yanayouzwa Lamu na Unguja huchongwa kwa ufundi wa kupigiwa mfano. Mbao zimepangwa ubavuni moja baada ya nyingine, mlingoti umeinamia omo kidogo, na tanga limekatwa kama lile la jahazi la kweli. Lakini mnunuzi akilishusha moja majini, halimalizi hata dakika. Upepo wa kwanza unalilaza ubavu, tanga linalowa na safari inaishia hapo. Fundi hana kosa, kwa maana alichonga kitu cha kuwekwa kabatini, na kila kipimo alikipunguza kwa uwiano uleule.

Tatizo liko kwenye uwiano huo. Chombo kikipunguzwa mara 10 kwa urefu, eneo la tanga hupungua mara 100 na kimo cha mlingoti mara 10, hivyo uwezo wa upepo wa kukilaza hupungua mara 1,000. Uzito wa chombo nao umepungua mara 1,000, lakini umbali unaoufanya uzito huo ukirudishe wima umepungua mara 10 zaidi, kwa hiyo uwezo wake wa kujiinua umeshuka mara 10,000. Upepo wenyewe haukupungua hata kidogo. Jahazi dogo basi liko karibu na kupinduka mara 10 kuliko mama yake, na yeyote anayetaka kujenga mashua ya tanga ya kuongozwa kwa rimoti aanze na hesabu hii kabla ya kushika msumeno.

Watoto wa pwani wanalijua jambo hili kwa mikono. Ngalawa zao za kuchezea, zilizochongwa kwa mti mwepesi au kukatwa kwenye ndala kuukuu, zina mirengu pande zote mbili, na ndiyo maana hukimbia wima hata tanga la mfuko wa plastiki likijaa upepo. Mabaharia wa mashindano ya mashua Lamu wana njia nyingine: hutoa ubao upande wa upepo na watu wakapanda juu yake, miili yao ikawa ndiyo farumi. Mashua ya rimoti haina watu wa kupanda ubaoni. Dawa yake ni pezi refu chini ya tumbo, na mwisho wa pezi hilo donge la risasi.

Mjenzi wa mara ya kwanza anashauriwa asibuni vipimo vyake mwenyewe. Mashua hizi zina madaraja yanayotambulika duniani, na masharti ya kila daraja yamepitia mikono ya watu wengi waliopindua mashua nyingi. Daraja la Marblehead lilichukua jina la mji mmoja wa Massachusetts, Marekani, likaanza miaka ya 1930 kwa masharti mawili makuu: urefu wa inchi 50 na matanga ya inchi za mraba 800. Mwaka 1988 zilitungwa kanuni za International One Metre, zenye urefu usiozidi mita 1, uzito usiopungua kilo 4, na katazo la kutumia nyuzi za kaboni kwenye gamba na mlingoti ili bei isipande mno. Hili ndilo daraja lenye ushindani mkali leo. Ila pezi na risasi yake peke yake huwa na uzito wa kilo 2.2 hadi 2.5, na mashua nzima haibebeki kwa urahisi kwenye daladala.

Linalofaa kwa nyumbani ni RG65, daraja lenye wapenzi wengi Argentina na Brazili. Gamba lisizidi sentimita 65, matanga yasizidi sentimita za mraba 2,250, mlingoti usizidi sentimita 110. Mambo mengine karibu yote mjenzi ameachiwa mwenyewe. Mlingoti ukichomolewa, mashua inapakatwa mapajani. Kipande kidogo cha plaiwudi kinatosha gamba zima, na vifaa vya umeme ni vile vinavyotumika kwenye magari na ndege za kuchezea za kiwango cha kati.

Kabla ya kukata chochote, mjenzi aandike bajeti ya uzito. Kwa mashua ya RG65 ya plaiwudi nyembamba, bajeti inayowezekana ni hii: gamba na sitaha gramu 300, risasi 500, pezi na usukani 70, mlingoti na matanga 80, mota, risiva na betri 150. Jumla ni gramu 1,100, na kwa kuwa kila chombo husukuma maji yenye uzito sawa na wake, mashua itahitaji kusukuma lita 1.1 za maji ya ziwa. Ikiwa na upana wa sentimita 11, tumbo litazama karibu sentimita 4. Gramu 200 zikiongezeka bila mpango, sehemu ya nyuma ya tumbo itaanza kukokota maji. Mzani wa jikoni ukae mezani tangu siku ya kwanza, na kila kipande kipimwe kabla ya kugundishwa. Wajenzi wengi hupoteza mchezo kwenye rangi: tabaka nne za rangi ya mafuta zinaweza kula uzito wote uliookolewa kwa kupiga msasa wiki nzima.

Gamba linajengwa kichwa chini. Mataruma matano ya plaiwudi husimamishwa kwenye ubao ulionyooka, yakapangwa kwa uzi uliokazwa katikati kutoka omo hadi tezi. Mbao mbili za ubavuni hupindwa juu yake, kisha hufuata ubao wa chini, ambao unapaswa kuwa na mviringo mdogo: kina kikubwa kidogo nyuma ya katikati, kikipanda polepole kuelekea ncha zote mbili. Vibanio vya nguo na utepe wa gundi hushikilia kila kitu mpaka gundi ikauke. Gundi iwe epoksi. Ile nyeupe ya maseremala inashika vizuri kavu, lakini nyingi ya aina hiyo hulainika zikikaa majini. Pembe za ndani hujazwa epoksi iliyochanganywa na vumbi laini la mbao, na ndani kote hupakwa epoksi nyepesi kabla sitaha haijafungwa, kwa kuwa baadaye mkono hautafika tena, na plaiwudi isiyozibwa itakunywa maji kila safari.

Wapo wanaopenda kuchonga gamba kwenye boksi jeupe jepesi la kupakia samaki au televisheni, kisha kulivika kitambaa cha faiba. Ni njia nzuri na gamba linatoka jepesi zaidi. Wawe waangalifu kwa jambo moja tu: resini ya poliesta, ile inayotumiwa na mafundi wengi wa boti za faiba, huyeyusha boksi hilo mara moja. Epoksi haiyeyushi. Kipande cha majaribio kinagharimu dakika chache na kinaokoa gamba zima.

Kabla ya kufunga sitaha, kuna kazi ya mfereji wa pezi. Huu ni uwazi mwembamba uliozungukwa na vibao, unaoanza chini ya tumbo hadi sitahani, ili pezi liingie kwa chini na kukazwa kwa nati juu. Uzibwe kabisa, maana maji yakipita hapo hayana pa kutokea. Pezi lenyewe hukatwa kwenye mbao ngumu yenye nyuzi zilizonyooka, kama mninga au mvule, upana wa sentimita 6, unene wa milimita 7, likiteremka sentimita 30 chini ya tumbo. Ukingo wa mbele huviringishwa, wa nyuma hukondeshwa. Likionekana kujipinda hata kidogo, litupwe, kwa sababu pezi lililopinda litaifanya mashua iende vizuri upande mmoja na kukataa mwingine, na mjenzi atazunguka akitafuta kosa kwenye matanga.

Sasa risasi, na hapa inafaa kwenda polepole. Chubwi za nyavu ndizo chanzo kizuri zaidi pwani na kwenye maziwa. Vile vipande vya kusawazisha magurudumu vinavyookotwa kwenye karakana za matairi vinafaa pia, ingawa siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Cha risasi huchubuka kwa ukucha na huacha alama ya kijivu kwenye karatasi. Betri za gari zisiguswe. Ndani yake mna asidi, na vumbi la risasi yake ni sumu kwa damu na ubongo, hasa wa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa miaka kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowekwa katikati ya makazi yao, na Phyllis Omido, mama aliyeanza kupiga kelele baada ya mtoto wake kukutwa na risasi mwilini, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa harakati hizo. Mtu hana sababu ya kuleta sumu hiyo uani kwake kwa ajili ya mchezo.

Kuyeyusha chubwi kunawezekana, kwani risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 na jiko la mkaa linafika huko bila shida. Lakini kufanyike nje, mtu akiwa upande wa juu wa upepo, kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni kamwe, na watoto wakiwa mbali. Hatari kubwa kuliko moshi ni unyevu. Tone moja la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke papo hapo na kurusha risasi ya moto usoni. Kwa hiyo njia isiyotumia moto ndiyo bora kwa anayeanza: chubwi ndogondogo hupangwa ndani ya kalibu iliyochongoka ncha zote mbili, zikashindiliwa, kisha humiminiwa epoksi. Kwa kuwa kuna mianya kati ya punje na punje, donge litakuwa kubwa kidogo. Gramu 500 za risasi tupu zinajaza sentimita za ujazo 44. Zikiwa punje ndani ya epoksi zitachukua karibu 70. Mashua itapoteza mwendo kidogo, lakini mapafu yatasalimika. Mjenzi avae glavu anapozishika chubwi, na anawe mikono kabla ya kula.

Donge lisigundishwe moja kwa moja. Kwanza lifungwe kwa utepe wa gundi chini ya pezi, mashua ikiwa na vitu vyake vyote ndani: betri mahali pake, mota zimefungwa, mlingoti umesimama. Kisha itiwe kwenye pipa au beseni refu. Mstari mwembamba wa penseli uliochorwa ubavuni sambamba na maji yanayotarajiwa utaonyesha mara moja kama omo imezama au tezi imekaa chini. Donge linasogezwa nusu sentimita mbele au nyuma, linasubiriwa maji yatulie, linasogezwa tena kidogo, mpaka maji yaguse mstari mbele na nyuma kwa pamoja. Hapo ndipo alama huwekwa na epoksi kuchanganywa. Anayeharakisha hatua hii hulazimika baadaye kubeba vipande vya ziada vya risasi kwenye omo ili kusawazisha alichokikosea chini.

Kuhusu matanga, mjenzi wa Kiswahili ana kishawishi cha kuweka tanga la jahazi, na kishawishi hicho kinaeleweka. Lakini tanga hilo hutegemea baharia. Chombo kinapogeuza upande wa upepo, foromali, ule ufito unaobeba tanga, hupitishwa mbele ya mlingoti kwa mikono na kazi kubwa, na hakuna mota ndogo itakayofanya hivyo. Foromali ikiachwa upande mmoja, tanga litabanwa na mlingoti kila mashua inapokwenda upande ule mwingine. Kwa mashua ya kwanza, matanga mawili ya pembetatu ndiyo yenye kujiendesha: kuu lenye ukingo wa mlingoti wa sentimita 100 na ufito wa chini wa 28, na la mbele la 80 kwa 20. Jumla yake ni sentimita za mraba 2,200, na daraja linaruhusu 2,250. Ufito wa tanga la mbele hufungwa sitahani kwa kishikizo kinachozunguka, kikiwa karibu robo ya urefu wake kutoka mbele. Kipande hicho kinachotangulia ndicho kinachoupa upepo nafasi ya kusaidia kulifungua na kulifunga tanga, na mota haichoki.

Kitambaa kiwe chepesi na kisichonyumbuka. Karatasi ngumu ya plastiki ya kuchorea ramani, nailoni ya tiara, hata kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu, vyote vimewahi kuvuta mashua. Tanga lililokatwa tambarare litaisukuma mashua likiwa na upepo wa tezi lakini litakufa wakati wa kupiga bisho. Linahitaji tumbo. Njia rahisi ni kulikata vipande vitatu au vinne kwa upana, kisha ukingo mmoja wa kila mshono kuukata kwa mviringo wa milimita 1 au 2 tu, na kuunganisha kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Milimita hizo zikizidi, tanga litakuwa mfuko. Mlingoti unaweza kuwa bomba la alumini, kipande cha ufito wa kuvulia samaki, au mwanzi mkavu uliopakwa epoksi. Demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, iwe mshipi wa kusuka usiovutika, kwa kuwa nailoni ya kawaida inarefuka ikilowa.

Upande wa umeme, teknolojia imekuwa rahisi sana tangu Nikola Tesla alipowashangaza watu New York mwaka 1898 kwa boti ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio. Zinahitajika njia mbili tu. Mota ya sevo ya gramu 9 inatosha usukani. Ya matanga iwe na nguvu: angalau kilo 7 kwa sentimita 1, kwani mkono wake mrefu wa sentimita 8 au 9 hugawa nguvu hiyo, na upepo wa alasiri hauna huruma. Betri nne ndogo za kuchajiwa hutoa volti 4.8. Risiva ya gigahezi 2.4 huvishwa puto la watoto na kufungwa mdomo kwa uzi, kinga ya bei ndogo inayotumiwa hata na wanaoshindana. Waya wake wa antena usimame juu ya usawa wa maji, kwa maana mawimbi ya masafa hayo hayapiti majini. Na ndani ya gamba zijazwe vipande vya boksi jeupe vyenye ujazo wa nusu lita. Maji yakiingia, mashua itaning'inia juu ya maji badala ya kwenda na risasi yake chini.

Kabla ya safari ya kwanza, mashua isukumwe kwa kidole kimoja ubavuni ikiwa ndani ya maji. Kuna sehemu moja ambayo ikisukumwa, mashua huenda kando nzima bila kuzunguka. Hiyo itiwe alama sitahani. Kitovu cha matanga yote mawili, kinachopatikana kwa kuchora mistari kutoka kila pembe ya tanga hadi katikati ya ukingo unaoitazama, kikae sentimita 2 hadi 3 mbele ya alama hiyo. Mguu wa mlingoti uchimbiwe matundu kadhaa ili usogee. Mashua ikikaidi na kuuelekea upepo kila mara, mlingoti uende mbele tundu moja. Ikikimbilia upande wa demani, urudi nyuma.

Mahali pa kusafirisha pachaguliwe kwa akili, na kanuni ni moja: kusimama ufuo ambao upepo unauelekea. Betri ikiisha, mashua itakuja yenyewe. Kwenye ufuo wa pwani unaotazama mashariki, kusi husaidia kwa hilo. Kandokando ya Ziwa Victoria, upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, wakati ule wa alfajiri hufanya kinyume na unaweza kuipeleka mashua asikotarajia mtu. Mashua ya ukubwa huu haizidi sana mita 1 kwa sekunde, hivyo maji yanayokupwa kwenye mkondo, hasa siku za bamvua, yanaishinda. Siku za maji mafu ni bora kwa mwanafunzi.

Mashua iliyokwama isifuatwe kwa kuogelea. Kisumu na Mwanza kuna kichocho kwenye maji ya kando, na pengine mamba au kiboko. Mpira wa tenisi uliofungwa kwenye mshipi mrefu, ukirushwa ng'ambo ya mlingoti, huivuta mashua taratibu. Magugumaji nayo hukamata pezi lililosimama wima, hivyo anayesafirisha ziwani atanufaika kwa kuliegemeza nyuma kidogo tangu anapochimba mfereji, huku akikumbuka kwamba risasi nayo itarudi nyuma na lazima isawazishwe upya kwenye beseni.

Kuongoza hujifunzwa haraka, isipokuwa jambo moja linalomchanganya karibu kila mtu: mashua ikija kumwelekea, kulia kwake ni kushoto kwa anayeiongoza. Ageuze mwili wake uelekee inakoelekea mashua, aitazame kwa kugeuza shingo, na mikono itajua yenyewe. Aanze na upepo mwembamba, akienda na kurudi upepo ukiwa ubavuni, kabla hajajaribu kupiga bisho. Upepo ukizidi hata sitaha ikawa chini ya maji muda wote, asubiri siku nyingine au ashone seti ya pili ya matanga yenye nusu ya eneo, yenye mlingoti wake mfupi.

Aliyetoka baharini aisuuze mashua kwa maji baridi siku hiyohiyo, hasa mashina ya waya na mkono wa sevo, afungue kifuniko cha sitaha, atoe betri, na aiache wazi usiku kucha kivulini.